Nguzo ya Simeoni, Qal'at Sim'an

Jiwe lililo katikati ya uwanja huu wenye pembe nane, kaskazini-magharibi mwa Aleppo nchini Syria, ni mabaki ya nguzo ambayo mtawa Simeoni aliishi juu yake kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 459. Nguzo ya kwanza ilikuwa fupi. Aliirefusha tena na tena ili aukwepe umati, umati ukazidi. Walikuja Waarabu wa jangwani, Waajemi na Waarmenia, wagonjwa wakitaka kuponywa, wagomvi wakitaka kupatanishwa. Hakuwa na cheo wala mali, lakini hata makaisari walimsikiliza: mateso ya mashahidi wa imani yalikuwa yamekwisha, na heshima waliyopewa wao sasa ilimwangukia aliyeutesa mwili wake mwenyewe kwa kufunga na kusimama. Theodoret, askofu wa Cyrrhus aliyemfahamu, aliandika kwamba mafundi wa Roma waliweka picha zake ndogo milangoni mwa karakana ziwalinde. Maiti ya Simeoni ilipelekwa Antiokia chini ya ulinzi wa askari. Kanisa lenye mabawa manne lilijengwa kuizunguka nguzo baadaye katika karne ya 5.