Viwanda vya Jinja na Haki ya Mwananchi

Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme wake uliifanya Jinja kuwa mji wa viwanda. Hata shaba ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, ilisafirishwa hadi hapo kuyeyushwa, karibu na chimbuko la Naili. Ilipita miaka 41 kabla ya Katiba ya 1995, ibara ya 39, kumpa kila Mganda haki ya mazingira safi. Ibara ya 50 humruhusu mtu kwenda mahakamani hata kwa kutetea haki ya mwenzake.

Hata hivyo, ibara haijisemei. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi. Wakazi walishtaki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikiwawajibisha wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizozembea. Fidia hiyo ilifutwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024.

Wanafunzi wa Jinja na Mbale, kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mkazi akinyamaza, msimamizi naye husinzia.