Msimbo wa Hali: Kosa na Hitilafu

Kivinjari kinapoiendea seva kuomba ukurasa, seva hulazimika, kabla ya kuutoa, kutanguliza tarakimu tatu zenye kueleza ombi limepokewaje. Na tarakimu hizo, ambazo waraka wa itifaki ya HTTP wa mwaka 1996 ulizipanga kwa mafungu matano, ndizo tuziitazo msimbo wa hali.

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye hukumu. Tukiliacha fungu la 1, ikiwa ni 2, ombi limetimizwa; 3, mwombaji aelekee kwingine; 4, ila imo katika ombi lenyewe; 5, ombi halina ila, bali seva ndiyo iliyoshindwa. Mafungu haya mawili ya mwisho Kiingereza huyaita kwa neno moja, ilhali sisi tunayo mawili, na ni israfu kuyachanganya: la 4 tuliite kosa, maana kosa lina mkosaji, la 5 tuliite hitilafu, maana chombo kimekwenda kombo pasi na mwombaji kuwa na hatia.

Mwandishi wa programu asiyeishika tofauti hii humdhulumu mtumiaji. Mathalani mzazi analipa ada ya mwanawe usiku, amejaza kila nafasi sawasawa, asijue kuwa hifadhidata imezima. Programu iliyoandikwa kwa pupa hunasa kila mkasa kwa namna moja na kumjibu 400, yaani ombi lako lina kasoro. Naye maskini ataikagua namba ya mwanafunzi tena na tena, akitafuta kosa asilolitenda. Jibu la haki lilikuwa 503, pamoja na agizo la kujaribu tena baada ya, tuseme, sekunde 120; na sababu kamili, hata mstari wa programu uliokwama, ikaandikwa katika kumbukumbu za seva, ambazo mgeni hazifikii.

Baya kupita hilo ni 200 iliyobeba ukurasa wa samahani. Binadamu ataisoma samahani akaelewa. Lakini mitambo ya kutafuta na ile ya kuilinda seva hutegemea tarakimu, nayo itashuhudia kuwa mambo ni salama salimini, na pengine kuiweka samahani ile akibani kama ukurasa halali.

Imebaki 404, ambayo aghalabu hufasiriwa "ukurasa haupo". Naona "haupatikani" ndiyo sahihi, kwani itifaki huiruhusu seva kujibu hivyo hata pale ukurasa upo nayo haitaki kuufichua. Ulioondolewa moja kwa moja una msimbo wake, 410.