Samaki mmoja, majina matatu: Kiswahili cha Ziwa na cha Pwani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Buzuruga jijini Mwanza hula dagaa. Jirani yake wa Kisumu, Kenya, hula omena, na yule wa Jinja, Uganda, hula mukene. Samaki ni yule yule, na ziwa ni lile lile.

Hali ni hiyo hiyo kwa sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta na Uganda mputa. Samaki huyo aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, hivyo kila ufuko ulilazimika kumpatia jina. Sato wa Mwanza naye, akivuka mpaka, huitwa ngege.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ziwa hilo linamilikiwa na nchi tatu: Tanzania asilimia 51, Uganda 43 na Kenya sita. Kanuni inayokataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 haina budi kueleweka katika fuko zote tatu, na tangazo lililoandikwa kwa maneno ya ufuko mmoja huweza kumpita mvuvi wa ufuko mwingine.

Si samaki pekee. Mahali mitumbwi inapotia nanga, Mwanza huitwa mwalo, na ndiyo maana soko kubwa la samaki la Kirumba linajulikana kwa jina la Mwaloni. Mvuvi wa Unguja mahali pa namna hiyo hupaita diko. Huko Unguja pia mtoto huenda skuli, na sokoni mama hununua tungule na mbatata, vitu ambavyo Mwanza ni nyanya na viazi mviringo.

Kwa miaka mingi stendi ya Buzuruga ilikuwa mlango wa abiria waendao Musoma, Tarime na Sirari, mpakani na Kenya. Mfanyabiashara aliyefuata njia hiyo alipaswa kuwa mwangalifu na neno bibi. Mtanzania akisema "bibi yangu" anamtaja mama mzaa mama au mama mzaa baba. Mkenya anamtaja mkewe. Bibi wa Mtanzania, kwa Mkenya, ni nyanya. Msomaji anaweza kujiwazia mwenyewe salamu zinazoweza kuharibika hapo.

Chanzo cha tofauti hizi ni lahaja, yaani namna mbalimbali za kusema lugha moja kulingana na mahali. Wenyeji wa Mombasa wana Kimvita, wa Lamu wana Kiamu, na wa mji wa Zanzibar wana Kiunguja. Pale Kiunguja kinaposema nchi na kichwa, Kimvita husema nti na kitwa. Njoo huwa ndoo, neno ambalo Mwanza humfanya mtu atazame kama pana chombo cha kutekea maji.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Ikumbukwe kuwa huo ulikuwa uamuzi wa watawala na wamisionari, na wenye Kimvita hawakuupenda. Kiunguja kilichaguliwa kwa kuwa misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukieneza bara, kupitia Tabora na Ujiji hadi Kongo. Haikuwa kwa sababu lahaja nyingine zilikuwa na kasoro.

Huko Kongo lugha ilifuata njia yake. Watu wakawa batu, watoto wakawa batoto na vitu vikawa bintu, kwa mkondo wa lugha za Kibantu za huko. Dagaa wa Ziwa Tanganyika nao huitwa ndagala.

Lugha nyingine kubwa zimepita hapo. Kiazi ambacho Hispania huitwa patata, nchi za Amerika ya Kusini hukiita papa (mbatata ya Unguja, kwa njia ya Wareno, ni ndugu wa majina hayo). Muajentina humwita rafiki yake vos, ilhali Mhispania husema tú. Chuo cha lugha cha Hispania kilianzishwa mwaka 1713, lakini tangu 1951 vyuo vya nchi zinazosema lugha hiyo vimekuwa na chama chao, na kamusi ya mwaka 2014 ilikuwa kazi ya wote. Neno la Meksiko huingizwa humo na kuandikwa kuwa ni la Meksiko, halifutwi.

Sisi tuna BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Usanifu ni wa lazima katika mitihani, mahakamani na magazetini, gazeti hili likiwamo. Hata hivyo, kumsahihisha mwanafunzi aliyekosea upatanisho wa ngeli ni jambo moja, na kumcheka kwa kuwa anatamka mwana kama ng'wana, jinsi Kisukuma kinavyotaka, ni jambo jingine. Wachekeshaji wamejipatia riziki kwa lafudhi hiyo. Mwalimu hana sababu ya kuwafuata.

Wakati huo huo maneno ya ziwa yanasafiri bila kuomba kibali. Katika masoko ya Dar es Salaam, mbele ya bahari yenye samaki wake, wauzaji huita wateja kwa majina ya sato na sangara, na hakuna anayedai atafsiriwe.