Namibia: Ziara ya ndege kupitia Pwani ya Mifupa
Namibia ina eneo la kilomita mraba zaidi ya 824,000 na wakazi wapatao milioni tatu pekee, hivyo watalii wenye uwezo huizuru kwa ndege ndogo. Kutoka Windhoek huelekea vilima vya mchanga vya Sossusvlei, kisha Pwani ya Mifupa, na hatimaye mbuga ya Etosha, iliyotengwa mwaka wa 1907.

Pwani hiyo ndiyo ya kuogofya. Mkondo baridi wa Benguela huzua ukungu mzito, na mabaki ya meli yametapakaa ufuoni. Meli ya Uingereza, Dunedin Star, ilipokwama huko mwaka wa 1942, ndege iliyotumwa kuwasaidia manusura nayo ilinasa mchangani. Ilikwamuliwa, ikapaa, ikaanguka baharini. Hata leo, rubani husubiri ukungu utawanyike.