Jawabu la Aliyeshindwa Mnadani

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Neno hilo lilimpata sana mtu wa zamani aliyetaka kununua sarafu za kale mnadani naye akakaa mbali. Aliyehudhuria hakuhitaji kuelezwa kitu: alisikia bei zikipanda, akaona nyundo ikishuka, akajua papo hapo kuwa sarafu imekwenda kwa mwingine. Lakini yule aliyetaja bei yake katika barua na kumpelekea dalali alibaki kuingoja posta. Je, habari za kushindwa kwake zilimfikiaje?

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilistawi sana Uingereza na Marekani. Joseph Mickley, fundi wa ala za muziki wa mji wa Philadelphia, alikuwa na hazina ya sarafu iliyosifiwa na watu wengi. Mwezi wa Aprili 1867 wezi waliingia nyumbani mwake wakaiba sehemu yake, naye akaona heri kuuza zilizosalia. Mnada ulianza New York mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, chini ya W. Elliot Woodward, na dola moja ya fedha yenye tarehe ya 1804 ikafikia dola 750.

Katika minada ya namna hiyo, aliyeshinda kwa barua aliletewa hesabu ya kulipa, kisha sarafu yake. Aliyeshindwa mara nyingi hakuletewa neno. Kimya ndicho kilichokuwa jawabu. Akitaka kujua zaidi, ilimbidi atafute orodha ya mnada iliyotiwa bei: mtu aliketi ukumbini na kalamu, akaandika kando ya kila fungu bei iliyopatikana. Baadaye bei hizo zilipigwa chapa na kupelekwa kwa posta. Nyumba ya Sotheby's ya London, ambayo asili yake ni mwaka 1744, ilitoa katika karne ya 20 orodha zenye bei pamoja na majina ya wanunuzi.

Mtu aweza kudhani kwamba karatasi hiyo ilikuwa adabu tu ya kibiashara. Sivyo. Tuseme mtu ameandika kwamba yu tayari kutoa hadi dola 100. Dalali mwaminifu humnunulia kwa bei ndogo iwezekanavyo: mshindani wa mwisho akikoma kwenye 60, hushinda kwa kuzidisha kidogo tu. Lakini dalali huyo huyo anamtumikia mwenye mali, na ujira wake huongezeka kadiri bei inavyopanda. Tena ameishika siri ya mnunuzi mkononi. Basi orodha ikionyesha kwamba sarafu ile imeuzwa kwa dola 80, aliyeandika 100 ana haki ya kuuliza: barua ilipotea, ilichelewa, au ilipuuzwa? Bila ya orodha, hata asingejua kwamba liko swali la kuulizwa. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa shahidi wake.

Tena kuna jambo la ajabu. Mshindi hulipa kiasi kinachozidi kidogo tu mahali alipokomea mshindani wake. Kwa hiyo bei, kwa kweli, huwekwa na aliyeshindwa. Mwaka 1961 mtaalamu wa uchumi William Vickrey alieleza kwa hoja za hisabati kanuni ya zabuni za siri ambayo mwenye bei kubwa hushinda, lakini hulipa bei ya yule aliyemfuata. Wauza stempu wa Marekani walikuwa wameitumia kanuni hiyo tangu karne ya 19. Hata hivyo, orodha humtaja mshindi, au hutaja bei peke yake. Aliyeiweka bei hiyo hatajwi.

Tarehe 30 Julai 2002, huko New York, sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933, inayoaminiwa kuwa ilikuwa mali ya Mfalme Farouk wa Misri, iliuzwa kwa dola 7,590,020. Bei ilitangazwa siku ile ile, lakini jina la mnunuzi, Stuart Weitzman, lilibaki siri hadi 2021, alipoitoa tena iuzwe.

Siku hizi aliyeshindwa hupata habari kwa intaneti kabla hajainuka kitini. Mwendo wa habari umeongezeka, bali majina yamefichika, na mshindani hajui kama aliyemshinda ni mnunuzi wa kweli au la. Kupashwa habari upesi si sawa na kupewa hesabu. Orodha za zamani zilichelewa, lakini zilimwezesha mtu wa mbali kumkagua dalali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mnada, daftari ni haki ya aliyeondoka mikono mitupu kama ilivyo ya aliyeondoka na sarafu.