BAISKELI YA NYUMBANI NI YA NANI? (Sehemu ya 3)

Mama zangu, dada zangu na kina baba vijana, leo tuongee historia kidogo.

Siku ya soko hapa Nyabibuye utaona baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi, madumu na magunia ya maharage. Wanaoziendesha wengi ni wanaume. Mama anafuata kwa miguu, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Tumezoea, lakini mazoea haya yana mwanzo wake.

Baiskeli ya mnyororo na magurudumu mawili yanayokaribia kulingana ilipata umaarufu Uingereza kuanzia 1885, alipoitengeneza John Kemp Starley. Wanawake wa Ulaya na Marekani nao wakaanza kupanda. Basi madaktari wengine wakaja juu! Eti inaharibu kizazi, eti inakunja sura ya mwanamke, wakaupa ugonjwa huo hata jina: "uso wa baiskeli". Wanawake wakaendelea kupanda. Watengenezaji wakashusha lile bomba la juu ili mwenye sketi apande bila shida. Baadaye wauguzi na wakunga wa vijijini Uingereza wakawa wanazunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Kazi yangu hii hii.

Kwetu Buha ilikuja kwa njia nyingine. Wakati wa Mwingereza, Kigoma ilikuwa mkoa wa kutoa vibarua. Vijana wa Kiha walikwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Baiskeli ilitaka fedha taslimu, na fedha hiyo alikuwa nayo aliyetoka manamba, siyo mke aliyebaki analima. Ndivyo ninavyoelewa mimi jinsi ilivyogeuka kuwa "ya baba". Wala siyo mila ya mababu, ni suala la nani alishika pesa.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Nyumba zikakaribiana, mashamba ya wengi yakabaki mbali. Miguu ya mama ikaongezewa kazi.

Hata neno bodaboda lilianza kwa baiskeli, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Pikipiki zimekuja juzi tu. Sasa tunalipa nauli kila safari, na asiye na nauli anaahirisha kliniki. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika nauli zote za mwezi mmoja kwenye daftari. Linganisha na bei ya baiskeli ya mtumba kwa fundi wako. Kama ni nzito, wekeni kwenye kikoba, mnunue kwa zamu. Baba, kama ipo tayari nyumbani, mfundishe mkeo jioni uwanjani.

Kliniki naulizwa sana: "Nesi, haiharibu kizazi?" Hapana, haiharibu. Woga ule ule wa zamani, umebadilisha kijiji tu.

Ila sikiliza. Kagua breki kabla ya kuteremka milima yetu. Mtoto mchanga asipakiwe kwenye baiskeli. Na mjamzito mwenye uchungu au anayetoka damu asipande kabisa: piga 115, ni bure, usafiri wa dharura utafutwe.

Sehemu ya 4: kuziba pancha mwenyewe, bila kumsubiri fundi.