Wimbo wa Sokoni na Wimbo wa Kanisani: Luther, Lahani za Watu na Faraja ya Injili

Katika mabishano yanayozuka mara kwa mara sharikani kuhusu muziki wa kwaya, jina la Martin Luther hutajwa mapema. Anayetaka mdundo wa dansi uingie kanisani husema kwamba Luther mwenyewe alichukua nyimbo za vilabuni akazitia maneno ya Injili, tena kwamba alikataa kumwachia Ibilisi lahani zote nzuri. Anayepinga hukosa la kujibu, kwani ni nani atakayebishana na baba wa Matengenezo ndani ya kanisa lenye jina lake? Hivyo jambo la historia limegeuzwa kuwa rungu. Twaona vema kulichunguza upya, si ili kuupa ushindi upande mmoja, bali kwa sababu historia yenyewe, ikisomwa kama ilivyo, yaonyesha jinsi imani ilivyowafikia watu kwa njia ya yale waliyoyaimba na kuyasikia kila siku.

Kwanza tuuondoe msemo juu ya Ibilisi. Haumo katika maandishi ya Luther yanayojulikana. Wengine humpa Mwingereza Rowland Hill, wengine William Booth wa Jeshi la Wokovu. Na habari ya vilabu je? Wimbo wa Kijerumani wa zama zile ulipangwa mara nyingi kwa beti zenye sehemu tatu: mbili za kwanza zenye lahani moja, na ya tatu yenye lahani yake. Mpango huo wajuzi wa muziki huuita kwa neno la Kijerumani *Bar*. Inaelekea kuna wasomaji wa Kiingereza waliolikuta neno hilo wakadhani ni habari za ulevi. Sisi ambao baa kwetu ni mahali pa kunywea, na tena ni maafa, hatuna haki ya kuwacheka sana.

Nyimbo za Luther ni takriban 37. Tuni zake nyingi zatoka katika nyimbo za Kilatini za Kanisa la kale, nyingine katika nyimbo za dini ambazo Wajerumani walikuwa wakiziimba katika lugha yao tangu zamani, na nyingine alizitunga yeye mwenyewe. Tuni iliyotoka moja kwa moja katika wimbo wa kilimwengu, kwa namna inayoweza kuthibitishwa bila shaka, ni moja tu, nayo tutaifikia.

Je, basi Luther hakuwa na uhusiano na wimbo wa mtaani? Alikuwa nao, na uhusiano huo ulikuwa wa ndani kuliko hadithi ya vilabu inavyodai. Tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili wa shirika la Augustino kutoka Antwerp, Hendrik Vos na Johannes van den Esschen, walichomwa moto sokoni Brussels kwa kuishika imani ya Matengenezo. Habari zilipomfikia Luther, hakutunga wimbo wa ibada. Alitunga wimbo wa habari, na huo ndio unaohesabiwa kuwa wimbo wake wa kwanza.

Wimbo wa habari ulikuwa kitu cha kawaida kabisa katika miji ya Ujerumani. Ulichapwa kwenye karatasi moja, muuzaji akasimama sokoni akauimba ubeti baada ya ubeti, na wasikilizaji wakainunua karatasi kwa fedha kidogo. Vita, gharika, mauaji, harusi za wakuu, yote yalienea hivyo, maana wengi hawakujua kusoma lakini masikio walikuwa nayo. Luther aliichagua njia hiyo kwa sababu iliyo wazi. Adui zake walikuwa wakieneza uvumi kwamba wale vijana wawili waliikana imani dakika ya mwisho. Uvumi ulikuwa ukitembea barabarani, naye akautumia ushuhuda uende barabarani uukute huko huko. Hapa hakuna tuni iliyoibwa kilabuni. Kuna desturi nzima ya watu wa kawaida, pamoja na mahali pake, muuzaji wake na wasikilizaji wake, iliyobebeshwa ushuhuda wa mashahidi.

Mwaka uliofuata twaona jinsi mbegu hiyo ilivyoota. Tarehe 6 Mei 1524 mzee mmoja mfuma nguo alisimama sokoni Magdeburg, penye sanamu ya Kaisari Otto, akiimba nyimbo za Luther na kuziuza. Meya alipotoka kanisani akaona umati, akaamuru mzee akamatwe na kutiwa gerezani. Wenyeji wapatao 200 wakaenda kudai afunguliwe, naye akafunguliwa. Kabla ya mwaka kwisha mji ule ulikuwa upande wa Matengenezo. Hatusemi kwamba mfuma nguo mmoja aliugeuza mji. Wahubiri walikuwapo, na Luther mwenyewe alifika kuhubiri mwaka uo huo. Lakini yafaa wanafunzi wa theolojia wakumbuke kwamba wengi waliisikia habari ya kuhesabiwa haki kwa imani kwanza kwa kuimbiwa, wakiwa wamesimama na vikapu mkononi.

Hata hivyo Luther hakuwa mtu wa kukubali kila kiimbwacho. Katika dibaji ya kitabu cha nyimbo kilichotolewa Wittenberg mwaka 1524 pamoja na Johann Walter, alieleza kwamba alitaka vijana wapate kitu chema cha kuchukua nafasi ya nyimbo za mapenzi na za tamaa. Papo hapo akawakemea wale waliojiona wa kiroho kupita kiasi, wakidhani kwamba Injili imekuja kuzibomoa sanaa. Aliyashika yote mawili kwa mkono mmoja. Wanaomtaja leo huchukua nusu moja na kuiacha nyingine, kila mmoja kwa faida yake.

Jambo hilo laonekana wazi katika ile tuni moja ya kilimwengu tuliyoitaja. Vijana wa Kijerumani walikuwa na mchezo wa jioni: kijana huingia uwanjani akiimba kwamba ametoka nchi za mbali na ana habari nyingi, kisha humwimbia msichana kitendawili, na shada la maua huwa zawadi ya mshindi. Luther, aliyekuwa na watoto wadogo nyumbani, aliichukua tuni hiyo pamoja na mwanzo wake, akamweka malaika wa Krismasi mahali pa mgeni mleta habari. Wimbo huo, *Vom Himmel hoch*, ulichapwa Wittenberg mwaka 1535. Kila mtoto aliyeujua mchezo alielewa mara moja: mgeni amekuja, ana habari, tena safari hii hakuna kitendawili wala mashindano, na zawadi ni mtoto aliyelazwa horini.

Lakini mwaka 1539, katika kitabu kilichochapwa Leipzig, wimbo uleule ulitoka na tuni mpya, ambayo kwa kawaida husemwa kuwa ni ya Luther mwenyewe, nayo ndiyo inayoimbwa hadi leo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba tuni ya kwanza ilikuwa bado inavuma katika michezo na dansi, hata masikio ya watu yakavutwa kule badala ya kuvutwa Bethlehemu. Sisi twaona maelezo hayo yana uzito. Tuni hubeba kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa kubadili maneno. Wakati mwingine huisaidia Injili, kama mgeni mleta habari alivyosaidia. Wakati mwingine huishinda.

Kumbukumbu ikififia, mambo huwa mengine. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler, mtunzi wa Nürnberg aliyesomea Venice, alichapisha wimbo wa mapenzi wa kijana ambaye akili yake imevurugwa na binti mmoja. Herufi za kwanza za beti zake zikiunganishwa zasomeka MARIA. Ni wimbo mwepesi, wenye mwendo wa kurukaruka. Miaka 12 baadaye, 1613, tuni hiyo ilichapwa ikiwa na maneno ya mtu anayetamani kufa kwa amani. Mwaka 1656 Johann Crüger aliiunganisha na maneno ya Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Kristo chenye miiba. Katika Mateso kwa Mathayo, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1727, Johann Sebastian Bach aliitumia mara tano, na mara ya mwisho ni baada tu ya Yesu kukata roho. Mwendo wa kurukaruka ulikuwa umetulizwa, na binti wa Nürnberg hakuwa akikumbukwa na mtu.

Safari ya tuni hiyo haikuishia kanisani. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Simon aliitumia katika wimbo wake *American Tune*, wenye maneno ya uchovu na mashaka juu ya taifa lake. Huo si wimbo wa Kikristo, wala hatuna sababu ya kuubatiza kwa nguvu. Lakini Mkristo anayeusikia redioni hawezi kujizuia: maneno yasema uchovu, na tuni chini yake yasema Ijumaa Kuu. Twaamini kwamba faraja inayopatikana hapo ni halali, kwa sharti kwamba msikilizaji ajue aitoa wapi. Haitoki katika maneno ya mwimbaji. Yatoka katika yale ambayo Kanisa limeyaweka ndani ya tuni hiyo kwa karne tatu na zaidi.

Luther alilijua jambo la namna hiyo kwa nafsi yake. Mwezi Oktoba 1530, akiwa ngomeni Coburg, alikokaa wenzake walipokwenda kwenye mkutano wa Augsburg, alimwandikia Ludwig Senfl, mtunzi wa watawala wa Bavaria waliomchukia. Alimwambia kwamba baada ya theolojia hakuna sanaa iwezayo kuutuliza moyo kama muziki, akamwomba ampangie kwa sauti kadhaa lahani moja ya zaburi ya kulala kwa amani, ambayo alikuwa ameipenda tangu ujana. Hakuomba kitu kipya. Aliomba kile kilichokuwa tayari masikioni mwake.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Katika nchi zetu wamisionari wengi walikataza ngoma, nao Wakristo wa kwanza walifundishwa Injili kwa tuni ambazo masikio yao hayakuwa na kumbukumbu nazo. Wapo waliozipenda kwa moyo wote, na hatutaki kuwadharau, kwa maana kwao tuni za Crüger zimekwisha kuwa tuni za mama na bibi. Lakini katika miaka ya 1960, katika chuo cha theolojia cha Makumira, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete lahani za makabila yao na kuzitungia maneno. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi kutoka Bukoba, alitunga *Mfurahini, Haleluya* kwa lahani ya asili ya Kihaya. Beti zake zasimulia kaburi na malaika, na agizo la kwenda kuwapasha wengine habari. Kwa hiyo ni wimbo wa habari, ingawa hatudhani kwamba mtungaji alikuwa akimfikiria mfuma nguo wa Magdeburg.

Waliokuwa na wasiwasi kuhusu lahani za asili walikuwa na swali la haki, lilelile la mwaka 1539: lahani hii ikiimbwa, moyo wa msikilizaji waenda wapi? Swali hilo halijibiwi na kamati iliyo mbali, wala halijibiwi kwa kumtaja Luther. Hujibiwa na wale wanaoijua lahani tangu utotoni. Kwa wimbo wa Kyamanywa jibu lilitolewa na sharika zenyewe, Pasaka baada ya Pasaka.

Mwaka 1969 wimbo huo ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold, mzaliwa wa Berlin aliyefundisha theolojia nchini Kanada. Miaka minne kabla yake, 1965, Leupold huyohuyo alikuwa amehariri juzuu la maandishi ya Luther kwa Kiingereza lenye nyimbo zake zote, *Vom Himmel hoch* ikiwamo. Tafsiri yake ilipokewa katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika miaka ya 1990, namba 116, nao Wajerumani huiimba siku ya Pasaka kwa lahani ya kwetu.